Mwungwana ni Nani? Tabaka na Utambulisho katika Tungo za Pate, Siyu na Unguja, na Maana Yake kwa Wasemaji wa Kingwana

1. Utangulizi

Mwalimu wa ushairi wa Kiswahili huku Kongo hukutana na swali ambalo wenzake wa Pwani pengine hawakutani nalo. Siku moja, baada ya kusoma utenzi wa visiwa vya Lamu na kufafanua msamiati wake, mwanafunzi mmoja aliyetoka upande wa Kasongo aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, hawa waungwana wa utenzi huu ndio walewale waungwana wanaosimuliwa na wazee wetu kule Maniema?" Nilimjibu upesi kwamba neno ni moja lakini maana ni mbili, kisha nikarudi kwenye hesabu ya mizani. Jibu lile lilitosha kuendeleza somo, wala halikutosha kwa lolote lingine. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lile kwa utaratibu unaolistahili.

Tunakusudia kulinganisha tungo za aina tatu ambazo zinatazama jamii moja ya Waswahili kutoka sehemu tatu tofauti. Ya kwanza ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Ya pili ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Ya tatu ni nyimbo za Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950. Mtunzi wa kwanza anaitazama jamii kutoka juu, wakati jengo lake linapobomoka. Wa pili anaitazama kutoka ndani ya nyumba. Wa tatu anaitazama kutoka chini, kwa macho ya uzao wa watumwa. Kila mahali tutauliza maswali mawili: ni nani anayepewa jina katika utungo huu, na ni nani anayeruhusiwa kujiita mwungwana? Mwishoni tutarejea Kongo, kwa sababu neno hilohilo ndilo lililoipa lugha yetu jina lake la zamani, Kingwana.

2. Uungwana kama daraja na kama utu

Katika Kiswahili cha leo mwungwana ni mtu mwenye adabu. Tukimwambia mgeni "karibu, mwungwana", hatumwulizi baba yake alikuwa nani. Lakini katika miji ya Pwani ya karne ya 18 na ya 19 neno hili lilikuwa kwanza jina la daraja. Mwungwana alikuwa mtu huru, mwenye nasaba inayojulikana, mwenyeji wa mji, Mwislamu, na mara nyingi mwenye nyumba ya mawe. Kinyume chake alikuwa mtumwa. Kati ya hao wawili palikuwa na watu wa namna nyingi: wageni, wavuvi, walioachwa huru, na wazaliwa wa nyumbani. Hata hivyo lugha ilipenda kuwagawa watu katika mafungu mawili tu.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Neno moja lilibeba tabia na cheo kwa pamoja. Aliyekuwa na cheo alidhaniwa kuwa na tabia njema. Asiye na cheo alidhaniwa hana adabu hata kabla hajafungua kinywa. Hivyo utamaduni uligeuka kuwa hoja ya kuhalalisha tofauti za kijamii. Mtu hakuambiwa kwamba yu chini kwa sababu alinunuliwa. Aliambiwa kwamba yu chini kwa sababu hana uungwana. Ushairi, ukiwa sanaa iliyoheshimiwa kuliko zote katika miji hiyo, ulikuwa miongoni mwa mahali ambapo hoja hiyo ilijengwa, na vilevile mahali ilipobomolewa.

3. Al-Inkishafi: mabwana wenye majina katika nyumba tupu

Al-Inkishafi ilitungwa mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19. Pate, iliyokuwa dola yenye nguvu katika visiwa vile, ilikuwa inadhoofika kwa vita vya ndani, kwa mashindano na jirani yake Lamu, na kwa kubadilika kwa njia za biashara. Vita vya Shela, vilivyopiganwa kati ya 1812 na 1814, viliwapa watu wa Lamu ushindi juu ya Pate na Wamazrui wa Mombasa, na baada ya hapo Lamu ilitafuta ulinzi wa Sayyid Said wa Omani. Pate haikurudia tena enzi yake.

Mtunzi anauhutubia moyo wake mwenyewe. Anauonya usidanganyike na dunia, kisha anauonyesha ushahidi: majumba ya mji wake. Palikuwa na taa zilizong'aa, vitanda vyenye mito na mapazia, manukato, na zidaka ukutani zilizopangwa vyombo vya kauri. Sasa popo wananing'inia juu, ndege wamezalia katika zidaka, na wadudu ndio wanaosikika kumbini. Kisha anawataja watu, akiuliza walikokwenda mashekhe, makadhi na wakubwa wa mji, na baadhi yao anawaita kwa majina yao. Wote wamelazwa katika mchanga.

Wasomaji wengi wameuona utungo huu kuwa hukumu kali dhidi ya matajiri, na ni kweli kwamba ndani yake kifo kinawasawazisha wenye fahari. Mabwana waliotembea wakiyumbisha shingo, wakizungukwa na walinzi mbele na nyuma, wamekuwa chakula cha wadudu. Lakini tukiuliza swali letu la majina, picha inabadilika. Wenye nyumba wanatajwa. Walinzi, wapambe na watumishi hawatajwi. Taa zinawaka lakini aliyezitia mafuta haonekani; vitanda vimetandikwa lakini aliyevitandika hana jina. Tunafahamu kutokana na historia ya majengo ya visiwa vile kwamba nyumba ya mawe ilisimama kwa kazi ya watumwa, na kwamba mara nyingi wao walilazwa vyumba vya chini na mabwana wakakaa juu. Katika utungo huu ghorofa la chini limefichika.

Hatusemi hivyo ili kumlaumu Sayyid Abdalla kwa kutokuwa mtu wa zama zetu. Yeye alikuwa wa ukoo wa masharifu, na jambo lililomuumiza lilikuwa ghururi ya tabaka lake mwenyewe. Alilisema kwa ujasiri mbele ya watu wake. Tunachosema ni kwamba usawa anaouona ni usawa wa kaburini. Duniani daraja zinabaki mahali pake. Zinazoondoka ni fahari na vyombo. Na utambulisho anaouombolezea ni utambulisho wa mji: Pate ilipokuwa Pate. Uungwana kwake umepotea kwa sababu wenye nao wamekufa, wala hajiulizi kama ungeweza kurithiwa na wale waliowahudumia.

4. Utendi wa Mwana Kupona: uungwana unalindwa mlangoni

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Siyu ilikuwa mji wa wanazuoni na mafundi, na ndio uliompinga Sayyid Said kwa ukaidi mkubwa kupita miji mingine ya visiwa vile. Mwaka 1845 majeshi yake yalishindwa huko. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye mjane wake, akiwa mgonjwa kwa muda mrefu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa beti 102, uwe wasia na hirizi.

Utendi huu umefundishwa mno kama kitabu cha adabu za mke kwa mumewe, na wengine wameukataa kwa sababu hiyohiyo. Katika miaka ya 1990 baadhi ya wahakiki walianza kuusoma upya. Waliona kwamba anayezungumza ni mwanamke anayejua kuandika, anayeomba wino na karatasi, na anayemfundisha binti yake jinsi ya kupata radhi, heshima na nafasi katika nyumba ambayo sheria zake hakuzitunga yeye. Mtazamo huo una nguvu, nasi tunaukubali kwa sehemu kubwa.

Lakini utendi huohuo una nasaha nyingine ambayo haitajwi sana darasani. Mama anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, kwa kuwa watamharibia jina. Maneno ni machache, nayo yanapita upesi kati ya nasaha nyingine kuhusu ukweli, ukarimu na kuepuka umbeya. Wepesi huo ndio unaostahili kuzingatiwa. Mama hatoi hoja, kwa sababu hahitaji kuitoa. Anajua kwamba binti yake ameshaelewa.

Tulinganishe sasa. Katika Al-Inkishafi watumishi hawaonekani. Katika utendi wa Mwana Kupona wanaonekana, tena wamo ndani, jikoni na uani, karibu kabisa na binti wa bwana. Na kwa sababu wapo karibu, wanaogopwa. Mwanamume wa Pate angeweza kuwasahau watumishi wake anapotafakari mauti. Mwanamke wa Siyu hakuweza, kwa kuwa aliishi nao kutwa nzima, akala walichopika, na huenda wanawe walibebwa na mikono yao. Ukuta wa mawe haukutosha kuwatenga. Ilibidi ujengwe ukuta wa maneno.

Tena tukumbuke majira. Mwaka 1858 Siyu ilikuwa imebaki kama kisiwa cha upinzani dhidi ya Unguja, na miaka michache baadaye, mnamo 1863, nayo ilitiishwa. Mama huyu alikuwa akikabidhi urithi wakati ambapo hakuna aliyejua nani atakuwa mtawala kesho. Wakati nguvu za kisiasa zinapokwisha, tabaka tawala hushikilia mipaka ya utamaduni kwa bidii zaidi: namna ya kuvaa, kusema, kukaa, kuchagua wenzi. Mwana Kupona ni mtu aliyeonewa na mfumo kwa upande mmoja na mlinzi wa mfumo kwa upande wa pili. Msomaji anayeutazama upande mmoja tu atakuwa amesoma nusu ya utendi.

5. Siti binti Saad: mtumwa anapojipa jina

Mtunzi wetu wa tatu hakuandika. Alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, katika familia ya uzao wa watumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti alibeba vyungu kwenda kuviuza. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Utumwa kama hali ya kisheria ulifutwa Unguja mwaka 1897, lakini jina lake lilibaki kuwa kumbukumbu inayotembea. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alifundishwa kuimba, na jina likabadilika: akawa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi sahani za santuri, ambazo zilisikilizwa katika Afrika Mashariki yote. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, ukachapishwa mwaka 1958.

Mambo mawili katika kazi ya Siti yanatuhusu. La kwanza ni lugha. Taarabu ya kasri ya Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti na kundi lake waliiimba kwa Kiswahili, ndani ya majumba ya wakubwa na vilevile katika mitaa ya Ng'ambo walikoishi mafundi, wachuuzi, wapagazi na wanawake walioachwa huru. Tusisahau kwamba kufikia wakati huo neno ustaarabu lilikuwa limeanza kulisukuma neno uungwana pembeni. Wanahistoria wa Pwani wanahusisha badiliko hilo na nguvu za Waomani katika karne ya 19: kipimo cha utu kilihama kutoka kuwa mwenyeji wa mji hadi kumfanana Mwarabu. Kuimba kwa Kiswahili mbele ya Sultani kulikuwa kuirudisha mizani mahali pake.

La pili ni maudhui. Nyimbo zake zilizungumzia mambo ya mitaani: hukumu za mahakama, wanaume wanaowapiga wanawake, wenye nguvu wanaokwepa adhabu. Wimbo wake mashuhuri uitwao "Kijiti" unasimulia mauaji ya mwanamke; muuaji alitorokea bara, na wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi wakajikuta wao ndio wanaoadhibiwa kwa sababu ya pombe. Hapa maskini hasawazishwi na tajiri kaburini. Anasimama mbele ya hakimu, leo, na haki yake inapotea mchana kweupe.

Siti mwenyewe alidhihakiwa. Wapinzani wake walimwimbia wakimkumbusha kwamba alikuja mjini amevaa kaniki, kitambaa cha bei rahisi kilichohusishwa na watumwa na watu wa shamba. Jibu lake, lililohifadhiwa na mapokeo, lilikuwa kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si kitu. Mwenye hasara ni yule aliyenyimwa akili. Tukiiweka hoja hiyo kando ya Mwana Kupona tunaona umbali uliovukwa. Yule aliyeambiwa kwamba ataharibu jina la binti wa bwana sasa anajipa jina mwenyewe, na anakipa uungwana maana mpya: kisitegemee ukoo, bali akili na matendo.

Hata hivyo tusimfanye Siti kuwa mwanamapinduzi. Hakulikataa neno lenye cheo, alilichukua. Alivaa, akaimba na akapokewa kwa adabu za mji uleule uliomdharau. Njia yake ilikuwa ya kuingia, si ya kubomoa. Na njia hiyo ndiyo iliyochukuliwa na maelfu ya watu walioachwa huru katika kisiwa kile, walipojisitiri kwa kanga na buibui na kujiita Waswahili au Wazanzibari.

6. Kutoka Pwani hadi Lualaba

Sasa tunaweza kurudi kwa mwanafunzi wa Kasongo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilivuka Tanganyika na kufika Nyangwe na Kasongo. Viongozi wake, akiwemo Hamed bin Muhammed el-Murjebi aitwaye Tippu Tip, walitoka Unguja na Pwani. Lakini wengi wa waliobeba mizigo na bunduki hawakuwa mabwana. Walikuwa watumwa, watumwa walioachwa huru, na vijana wa bara waliojiunga njiani. Na watu hao walijiita waungwana. Stanley anawaita hivyohivyo katika vitabu vyake.

Hapa ndipo nilipokosea nilipomwambia mwanafunzi kwamba maana ni mbili. Ni maana moja iliyosafiri. Mtu ambaye mjini Lamu au Unguja asingethubutu kujiita mwungwana mlangoni kwa bwana wake, alivuka ziwa na kulibeba jina hilo hadi Lualaba, kwa kuwa huko hakuna aliyeijua nasaba yake. Alifanya kwa miguu kile ambacho Siti alikifanya baadaye kwa sauti. Lakini lipo jambo chungu: ili awe mwungwana, ilibidi awepo mwingine wa kuitwa mshenzi. Wenyeji wa Maniema waliokamatwa, waliochomewa vijiji, waliouawa sokoni Nyangwe mwezi Julai 1871, ndio waliolipa gharama ya uungwana wake. Kwa hiyo wazee wa Kasongo wanapolitamka neno hili, wanasema kweli. Na utenzi wa Pate unapolitamka, nao unasema kweli. Ni ukuta uleule, umehamishwa.

Baada ya vita vya 1892 hadi 1894 Dola Huru ya Kongo iliwashinda mabwana wa misafara, lakini lugha ilibaki. Ikaitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Mwaka 1928 mmisionari John Whitehead alichapisha huko Wayika, kando ya Lualaba, mwongozo wa sarufi wenye jina hilo. Polepole maana ikapinduka tena. Kingwana, jina lililokuwa la majivuno, likawa katika vinywa vya wengi jina la Kiswahili kibovu, cha wapagazi na wafanyakazi, kisichofikia Kiswahili cha Unguja. Wasemaji wake katika migodi ya Katanga na katika miji ya mashariki wakaambiwa, kwa maneno mengine, kile alichoambiwa Siti: mmekuja mmevaa kaniki.

Wao pia walijibu kwa sanaa. Mwaka 1952 huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, Hugh Tracey alimrekodi kijana Jean Bosco Mwenda, ambaye kwa gitaa lake na Kiswahili cha mji alijulikana kote Afrika ya kati na mashariki. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha Lubumbashi kisichoomba radhi kwa mtu, historia ya mji wa Elisabethville kama ilivyoonwa na watumishi wa nyumbani. Huo si ushairi. Lakini msomaji wa Al-Inkishafi ataona mara moja kilichotokea: ghorofa la chini limeanza kusema, na linawataja mabwana kwa majina.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba tungo hizi tatu zinakubaliana juu ya thamani ya uungwana na kutofautiana juu ya mwenye haki nao. Kwa Sayyid Abdalla ni fahari inayokufa pamoja na wenyewe. Kwa Mwana Kupona ni amana ya kulindwa mlangoni. Kwa Siti ni vazi ambalo yeyote mwenye akili anaweza kulivaa. Usawa unaosemwa unasogea kutoka kaburini hadi mahakamani, na majina yanasogea kutoka kwa mabwana hadi kwa aliyeitwa Mtumwa.

Kwetu sisi walimu suala hili si la historia peke yake. Tunapomfundisha mwanafunzi wa Kongo ushairi wa Pwani tukimsahihisha kila neno alilotoka nalo nyumbani, bila kumweleza lilivyofika, tunamweka mlangoni pale alipowekwa mtumwa wa Siyu: aingie wakati wa kazi tu. Kiswahili sanifu tukifundishe, tena kwa bidii. Ni daraja la kutufikisha kwa wenzetu wengi. Lakini kisiwe ukuta mwingine. Anayesema Kingwana anasema lugha ya watu waliojipa jina, kwa haki na kwa dhuluma pia. Aijue historia hiyo yote miwili, ya heshima na ya aibu, ndipo atakapoweza kusoma Al-Inkishafi bila kujiona mgeni, na bila kuwasahau waliowasha taa.